Wajina wa Kilindini

Jumatatu, 6 Februari 1956

Nimeanza daftari. Mwalimu wa kisomo cha watu wazima alituonya kwamba herufi zisipofanyishwa kazi humtoroka mtu kama kuku mgeni. Zangu zote ninazo. Nilimaliza darasa kwa siku arobaini. Uweso, jirani yangu, aliishia herufi ya M, akasema zilizobaki zinafanana na zilizotangulia.

Leo mambo makubwa hapa Tongoni. Bibi Kristina, yule Mzungu wa makombe ya baharini aliyepanga nyumba ya mabati karibu na kisima, alituita wazee barazani pake. Ana mashua ya mashine na kikapu cha chuma. Alikuwa akikishusha kwa waya kilindini, nje kabisa ya mwamba, kikokote tope, naye apekue lile tope. Wiki iliyopita waya ulikatika. Kikapu kimebaki huko chini kwa wenyewe. Ndipo akatukumbuka sisi.

Anatafuta vipembe. Kipembe ni kombe dogo jeupe, urefu wa kidole, limepinda, lina tundu huku na huku. Pembe ya ndovu kabisa, ila ndovu mwenyewe awe mkubwa kama panya. Mabinti huvitunga uzi. Miaka yote tumevikanyaga. Kumbe Ulaya kuna watu wazima, wenye ndevu, wanavisomea!

Pale Kiswahili cha Bibi kilipokwama, karani wake akamsaidia. Huyu anaitwa Fanueli, Mbondei wa Muheza, kijana wa misheni, miwani, kalamu tatu mfukoni. Akaeleza kwamba vipembe vina makabila mengi, na kabila hujulikana kwa umbo. Kimepinda vipi. Kina mistari mingapi mgongoni. Mdomo ni wa duara au wa pande. Mkia una kipasuo au hauna. Vya kilindini havijajulikana vyote. Na mtu akileta cha kabila lisilomo vitabuni, Bibi atakipa jina la mtu huyo. Litachapwa. Litasomwa Ulaya nzima.

Nilimwuliza Fanueli mara tatu. Jina la mtu? La mtu. Mtu yeyote? Yeyote, mzee wangu. Na likishachapwa halifutwi? Halifutwi hata dunia ipinduke.



Uweso ana wajukuu wanne wanaoitwa Uweso. Ukiita Uweso mlangoni kwake wanatoka watano, mmoja na mkongojo. Mimi na mke wangu Mwanamkasi, Mungu alitupa wawili, akawachukua kabla hawajaota meno. Ukiita Msafiri hapa Tongoni naitika mimi tu. Siku nisipoitika, basi.

Kwa hiyo kipembe kitaitwa Msafiri. Nimeshaamua. Nimechonga pembe miaka arobaini, vitana, vipini vya visu, vichwa vya bakora. Nani pwani hii anajua umbo la pembe kunishinda mimi?


Jumatano, 8 Februari

Siku mbili ufukweni, mgongo umekunjika kama ndoana. Lakini nina ungo mzima wa vipembe!

Nimevipanga mkekani kwa umbo, kama alivyosema karani. Vilivyonyooka mbali. Vilivyopinda mbali. Vifupi, virefu, vyenye mistari, visivyo na mistari, vyenye mdomo uliomeguka. Nimepata makabila kumi na manne! Bibi Kristina mwaka mzima na mashine yake hajapata hata nusu. Nimevipa majina kabisa ili kumpunguzia kazi. Msafiri Mnyoofu. Msafiri Mpindo. Msafiri Kibogoyo. Na kadhalika.

Mwanamkasi aliuliza ungo wake uko wapi, anataka kupepeta mchele. Nikamwambia ungo umeshikwa na elimu. Akasema basi elimu nayo ije ipike.


Ijumaa, 10 Februari

Baada ya sala, kanzu ya kupigwa pasi, kofia ya vito, ungo kichwani. Bibi Kristina alinipa shikamoo. Nikaitikia taratibu, watu waliokuwa njiani wasikie.

Akavitazama kimoja kimoja kwa kioo chake cha kukuza. Fanueli akaandika. Nikangoja niulizwe jina langu lianze kwa herufi gani.

Kumi na manne yangu yamekuwa moja.

Moja! Ati ni kabila lile lile la ufukweni, linajulikana tangu zamani za babu zao. Huyu ni mtoto, ndiyo maana ana mistari tele. Huyu ni mzee, mistari imebaki mkiani tu. Huyu amenyooka kwa kuwa sehemu iliyopinda imekatika. Huyu laini amesuguliwa na mchanga. Kibogoyo, bila shaka, amevunjika.

Nilimwambia kwa adabu kwamba mimi na marehemu babu yangu, mmoja mtoto na mmoja mzee, si mtu mmoja. Bibi akakubali, akasema lakini ni kabila moja. Fanueli akaingiza uso ndani ya daftari lake, mabega yakimtikisika.

Uweso alikuwa amesimama dirishani. Alikuwa na nini cha kufanya dirishani? Akaniuliza kwa sauti kubwa kama Msafiri Kibogoyo ameacha wajane.


Jumapili, 12 Februari

Nimefikiri sana. Kama kabila jipya halionekani, fundi yupo.

Nilikuwa na kipande cha pembe ya ng'ombe, cheupe, kimekauka vizuri. Nimechonga kutwa. Kipembe kama kidole changu cha mwisho, mistari saba mgongoni, na kimejizungusha kidogo kama mkonga wa ndovu anayekula. Hakuna baharini kama hiki. Nina hakika, maana nimekitoa kichwani mwangu.

Si udanganyifu. Bibi alisema alete mtu kisichomo vitabuni. Hiki hakimo.


Jumatatu, 13 Februari

Ndimu! Nani angefikiri ndimu?

Bibi alikipenda. Alikigeuza, akakigeuza, macho yakang'aa. Mimi nikawa natazama dari kama mtu asiyejua kitu. Ndipo Fanueli akatoka jikoni na kipande cha ndimu. Akakamua tone juu ya kombe la kweli. Likatoa povu, likachemka kama limekasirika. Akakamua tone juu ya langu. Kimya. Akakamua la pili. Kimya kabisa.

Akanieleza kwa upole mbaya sana kwamba kombe ni chokaa na chokaa hugombana na ndimu, ila pembe ya ng'ombe haina ugomvi na mtu. Kisha akauliza kama huyu mnyama wa kilindini hula majani.

Bibi Kristina hakukasirika. Akasema kazi ni nzuri mno, akaniomba akibakize mezani pake. Kwa hiyo kitu changu kimo tayari katika nyumba ya elimu. Mambo yanasogea.


Jumatano, 15 Februari

Bongo langu ni la ajabu. Saa nyingine najishangaa mwenyewe.

Leo Mwanamkasi alikuwa akitengeneza samaki, taa aliyepewa na mke wa Uweso. Akapasua tumbo, akalalamika kwamba mna mchanga na vigae. Nikainama. Vigae? Vilikuwa vipande vya makombe! Taa hula chini, hula topeni, Uweso humvua kwa mshipi mrefu huko nje ya mwamba ambako mashua ya Bibi ilipoteza kikapu.

Kikapu cha chuma cha nini? Samaki ndiye kikapu! Anajishusha mwenyewe, anapekua tope mwenyewe, anajipandisha kwa mshipi wa Uweso.

Nikaenda kwa Uweso kuomba matumbo ya samaki, yote, kila siku. Akashangaa. Ni mimi huyu huyu niliyesema mwaka juzi kwamba matumbo ya samaki ni haki ya kunguru. Sikuweza kumwambia ukweli, angejitia kuyapekua mwenyewe. Nikamwambia ni dawa ya magoti, nimeelekezwa na mganga wa Muheza.

Akasema sawa, ndugu yangu, kwa maradhi hakuna ubishi. Ila dawa ya kupaka ipakwe hapa hapa barazani kwake, naye aone. Magoti yake pia yanamsumbua. Ikifaa kwangu, ataijaribu.


Alhamisi, 16 Februari

Nilikaa barazani kwa Uweso toka adhuhuri hadi alasiri, nguo nimeikunja mapajani, matumbo ya taa juu ya magoti mawili.

Paka walikuja. Kwanza wawili. Kisha wa kisimani. Kisha wasiojulikana kwao. Uweso akawaita wajukuu wake waje waone dawa, wakaja Uweso wote wanne. Kila mpita njia akaombwa asimame. Mmoja akanipa pole, akauliza kama ni nadhiri.

Lakini mkono wangu ulikuwa unafanya kazi. Nilikuwa napapasa, kama mtu anayesugua dawa, na kidole changu kinatafuta. Vipande. Mchanga. Mguu wa kaa. Halafu kitu kizima!

Miaka arobaini ya kuchonga, kidole hakihitaji jicho. Kipembe. Si cha duara. Kina pande. Nikazihesabu kwa ukucha huku nikimjibu Uweso kuhusu maumivu. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Pande tano, kama birimbi!

Nikakitia mdomoni, maana mfuko ulikuwa mbali. Nikaaga kwa kichwa. Uweso akadhani dawa imenipanda.


Jumamosi, 18 Februari

Jana msikitini nilikaa na safu peke yangu, harufu bado. Si kitu. Leo nimemaliza kazi.

Maana kilikuwa hakijiwezi! Tope la kijivu limeshika kila upande. Mistari ya mgongo imeparuza kama ulimi wa paka. Na mkia una kipasuo, aibu tupu. Marehemu mwalimu wangu wa kuchonga alitufundisha kwamba fundi hapeleki kazi mbichi kwa mwenyewe. Kitu hakitatoka mkononi mwangu na jina langu hali kinakwaruza.

Nimekata mkia kwa msumeno mwembamba, ukawa sawasawa. Nimesugua pande zote kwa jani la msasa lililoloweshwa, kisha majivu, kisha mafuta ya nazi. Sasa kinateleza kama neno la mchumba. Nimekiviringisha pamba ndani ya kibweta cha mvule.

Mwanamkasi alitazama akauliza kama Mzungu aliomba kisafishwe. Nikamwambia Mzungu hajui hata kuomba. Mambo ya umbo aniachie mimi.


Jumatatu, 20 Februari

Nitaandika haraka haraka nimalize.

Bibi Kristina alifungua kibweta. Akahesabu pande tano. Akashika meza. Akamwita Fanueli, Fanueli akahesabu, akavua miwani akaifuta akahesabu tena. Nikaona jina langu linakuja. Nililiona kama ninavyoona mlango huu.

Kisha akakigeuza. Akauliza mkia wake uko wapi.

Nikamjibu kwa fahari kwamba ulikuwa na kipasuo, nimeutengeneza. Na mistari ya mgongo? Nimeisugua, bibi yangu, usijali, haikwaruzi tena.

Akakaa kitini. Akasema taratibu, kwa Kiswahili chake cha kuhesabu maneno, kwamba kwa vipembe mkia ndio uso. Kipasuo ndicho kinachosema huyu ni nani. Mistari ndiyo ukoo wake. Huyu pengine ni mpya, pengine hajawahi kuonwa na mtu tangu kuumbwa, lakini hawezi kumpeleka mbele ya wenzake hana uso wala ukoo. Uso wake, akasema, umebaki kwenye jani la msasa.

Nikauliza ni nani aliyemwambia kombe avae uso nyuma.

Ila habari njema! Akasema kama kipo kimoja, vipo viwili. Nilete kingine, na tope lake, na uchafu wake wote, nisikiguse hata kwa mate. Lakini upesi. Jumatatu ijayo anapanda meli bandarini Tanga, anarudi kwao.

Siku saba. Zamani nimechonga vitana arobaini kwa siku saba.


Jumanne, 21 Februari

Fanueli mdomo wake hauna komeo. Amemwambia Uweso kila kitu.

Nimekwenda kuomba matumbo, nikamkuta Uweso amekaa chini barazani, ndoo tatu mbele yake, amejaa matumbo mpaka viwikoni, anapekua mwenyewe! Akanikaribisha kwa tabasamu. Akasema magoti yamemzidi leo.

Nikamwuliza kwa nini, Uweso, wewe una wajina wanne. Akasema wa tano hamchoshi mtu. Wale wanne watakufa kama yeye atakavyokufa, huyu wa kombe hafi.

Sikulala vizuri mchana wa leo. Hata chai sikuisikia.


Alhamisi, 23 Februari

Nimepata! Silaha niliyo nayo mimi, Uweso hana, nayo ni akili.

Nilikwenda kwake asubuhi, uso wa huruma. Nikakaa. Nikamwambia ndugu yangu, tumekua pamoja, siwezi kunyamaza. Wakumbuka Mzungu alipoandika jina lako kitabuni mara ya mwisho?

Akaacha kupekua.

Maana wote tunakumbuka. Mwaka wa vita vya Mjerumani walikuja na kitabu. Wakauliza majina kwa upole, wakaandika kwa wino mzuri. Wiki ya pili kila aliyeandikwa akabebeshwa masanduku ya risasi mpaka bara. Uweso alirudi baada ya mwaka na nusu, hana ukucha mguuni. Mimi sikuandikwa, nilikuwa juu ya mnazi.

Nikasema mimi sijui kitu, ila Bibi Kristina ana daftari, ana wino, na anauliza majina kwa upole mno.

Kufika adhuhuri Uweso hataki kuona matumbo. Vizuri! Lakini sikuwaza vizuri upande wa pili. Ndoo zote tatu, nilizozipigia hesabu ziwe zangu, amekwenda kuzimwaga baharini yeye mwenyewe, maji yakiwa yanatoka. Akapita nyumba kwa nyumba akiwaonya wenzake. Wakamwaga na wao. Hivi sasa hakuna tumbo la samaki Tongoni nzima. Uweso ameapa samaki wake hawatapasuliwa tena uani kwake, atawagawa wazima wazima, kila mtu na bahati yake.

Nimemtazama kunguru. Naye alikuwa ananitazama.


Jumamosi, 25 Februari

Nimekwenda mjini Tanga, sokoni, toka jana alfajiri. Wachuuzi wa samaki walinipa gunia la matumbo kwa furaha, wakanisaidia hata kulifunga. Basi la kurudi halikufurahi hivyo. Utingo aliniteremsha katikati ya mashamba ya mkonge, mimi na gunia, akasema mzee mwenye heshima hasafiri na maiti. Nimetembea. Nimepekua gunia zima chini ya jua, hatua kwa hatua. Dagaa! Samaki wa juu juu, hawajawahi kuona tope maishani mwao.

Nimefika nyumbani alasiri. Mwanamkasi hayupo. Moto umezimwa, taa mbichi amefunikwa kawa, tumbo limepasuliwa.

Karudi jua likielekea kuzama, amejitanda kanga mpya. Nikamwuliza alikuwa wapi. Akasema kwa Bibi Kristina.

Nikakaa chini. Akanieleza huku anakuna nazi, wala hakuinua macho. Uweso aliwaletea taa mzima, hajapasuliwa, kwa sababu ya kiapo chake. Yeye akapasua. Ndani akakuta kipembe. Akakiosha? Hakukiosha. Alikitoa na tope lake, na kipande cha utumbo, akakifunga kwenye jani la mgomba, akaenda nacho moja kwa moja.

Nikamwuliza kwa nini hakuningoja.

Akasema alitazama majani ya msasa dirishani, akaona asiningoje.


Jumapili, 26 Februari

Nilikuwa barazani kwa Bibi kabla hajanywa chai. Masanduku yamejaa mlangoni.

Alikuwa anacheka peke yake kama msichana. Pande tano, kipasuo kamili, mistari yote, tope lake lote! Usiku kucha amefungua vitabu vyote alivyo navyo, hakimo hata kimoja. Umbo hili halina mwenzake. Wenzake huko kwao watakitazama pia, lakini yeye hana shaka.

Nikasema alhamdulillahi. Nikamwambia Fanueli aandike Msafiri, anisomee nisikie.

Fanueli akatazama chini. Akasema lebo imeshaandikwa jana, mzee wangu. Aliyeleta aliulizwa jina, akataja.

Kombe linaitwa Mwanamkasi.

Nilitoa hoja zangu. Taa alipikwa katika chungu changu. Chungu kimo katika nyumba yangu. Mke ni wa mume. Fikra ya matumbo ilitoka kichwani mwangu, na magoti yaliyovumilia paka yalikuwa haya. Hata kiapo cha Uweso ni mimi niliyekipika! Bibi Kristina alisikiliza zote, hakunikata. Kisha akasema jina hufuata mkono. Mkono uliotoa kipembe tumboni ulikuwa wa nani?

Nikarudi nyumbani na maneno mengi sana. Nimeyapanga njia nzima.

Mwanamkasi alikuwa amekaa kizingitini. Mkononi ana karatasi ndogo, Fanueli amemwandikia jina kama lilivyo kwenye lebo. Yeye hakusoma kisomo, alisema nani atapika. Akanyoosha karatasi, akaniambia, Bwana Msafiri, wewe una herufi, hebu nisomee.

Nikasoma. Mwanamkasi.

Akasema nirudie. Nikasoma tena. Akaniuliza ni ipi iliyo mwanzo, nikamwonyesha. Akaipitisha kidole. Akasema nirudie, nikasoma. Nadhani mara saba.

Halafu akasema, si kwangu, kama anaisemesha ile karatasi, kwamba kumbe litaitwa hata yeye akiwa hayupo. Miaka thelathini na sita tumekaa, sijapata kumsikia akisema kwamba na yeye alikuwa akilihesabu jambo hili. Nilidhani nalihesabu peke yangu.

Maneno niliyoyapanga sikuyaona tena.

Nikamsomea mara ya nane bila kuombwa.


Jumatano, 29 Februari

Bibi Kristina ameondoka juzi. Alimkumbatia Mwanamkasi mbele za watu. Mimi alinipa mkono, na kile kipembe changu cha pembe ya ng'ombe amekichukua, ati kitakaa mezani kwake Ulaya. Fanueli yupo mpaka kesho kufunga masanduku yaliyobaki. Kesho anakwenda posta ya Tanga. Mtu akipata kitu, amesema, ampe atakituma.

Nimetangaza kijijini kwamba kuna kombe la nyumba yangu katika vitabu. Uweso alikuja kumpa Mwanamkasi hongera, kisha akamnong'oneza ajifiche akiona masanduku ya risasi. Bado anagawa samaki wazima.

Na leo basi! Leo zamu yangu! Taa wa leo nimempasua kwa mkono wangu mwenyewe, mkono wangu, mashahidi wawili. Na ndani yake, Mungu mkubwa, kipembe kizima. Kina tope. Kina uchafu wote. Sikukiosha wala kukitemea mate, maana mimi mtu akinifundisha nafundishika.

Nimekihesabu. Pande saba! Mistari imesimama kama meno ya kitana, na mkiani hakuna kipasuo kimoja, mna viwili.

Nimekitazama mchana kutwa. Sikutaka kukigusa. Lakini nimewaza, hiki ndicho kitakachoitwa Msafiri. Kitawekwa Ulaya, kabati moja na Mwanamkasi, karne na karne. Watu watafungua watazame. Watamwona mke ana pande tano na kipasuo kimoja. Watamwona mume ana pande saba na vipasuo viwili. Watasema hawa wawili wameoana vipi? Hawafanani hata kidogo! Haifai. Mtu na mkewe lazima wafanane kidogo, hasa wakishakaa miaka thelathini na sita.

Nimeondoa pande mbili tu. Kwa jani la msasa, polepole, tope sikuligusa ila pale lilipokuwa njiani. Kipasuo kimoja nimekiziba kwa nta. Sasa ni mtu na mkewe hasa.

Kesho asubuhi nampelekea Fanueli. Kanzu ipigwe pasi.